Mwaka umepita kwenye bariere

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka)

Najua karatasi hizi zinafika hata pale redio inapokoroma, na yule anayejua kusoma anawasomea wenzake. Pengine uko Butembo, Goma, Bukavu, Uvira ama Kalemie. Pengine mwaka huu umekukuta ng'ambo: Musenyi kule Burundi, Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda. Leo hatuna mchezo wala mgeni wa studio. Ni mazungumzo yetu ya kufunga mwaka 2025, mimi na wewe.

Desemba ikifika, sisi watu wa redio tuna desturi ya kupanga habari za mwaka kwa mafungu. Fungu la usalama, fungu la uchumi, fungu la siasa. Safari hii mafungu yamekataa kukaa mbalimbali. Nikishika habari ya vita, ndani yake nakuta bei ya unga. Nikishika habari ya bei, ndani yake nakuta kiongozi na mfuko wa pesa. Mwisho nimeona yote matatu yanakutana mahali ambapo wewe unapajua kuliko mimi: kamba imevutwa kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili, pembeni kuna kibanda cha shitingi, na kijana mwenye bunduki amekaa kwenye kiti cha plastiki. Bariere. Wengine mnaita kizuizi. Tuongee juu ya hiyo kamba.

Tuchukue gunia moja la maharagi linalotoka shambani Masisi kwenda sokoni Goma. Hesabu nitakayotoa ni ya mfano tu. Wewe weka ya barabara yako. Mkulima analiuza faranga 100,000. Lori linadai 20,000 kulibeba. Njiani kuna bariere sita, na kila moja inaomba 3,000 kwa gunia. Hizo ni 18,000. Angalia vizuri: watu sita waliokaa wamepata karibu sawa na lori lililochoma mafuta na kupanda milima. Gunia linafika Goma likiwa limekula 138,000. Lakini mfanyabiashara hawezi kuliuza kwa 145,000 akaridhika, kwa sababu anakumbuka safari ya mwezi uliopita, siku bariere ya nne ilipochukua gunia zima. Anaongeza na hofu yake juu ya bei. Hofu nayo ina gharama, na anayeilipa ni mama anayenunua kwa kopo.

Mama huyo anamlaumu muuzaji, muuzaji anamlaumu dereva, na dereva anailaumu barabara. Kamba haimlaumiwi mtu yeyote, maana mwenye kuishika ana silaha.

Usidhani mambo haya yameanza mwaka huu. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, kituo cha Ubelgiji, walizunguka Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini wakihesabu bariere. Walipata 798. Na kundi lililokutwa kwenye bariere nyingi kuliko jingine lolote halikuwa la waasi. Ni jeshi la serikali lenyewe. Hiyo ilikuwa wakati tunaouita wa utulivu.

Kwa nini askari wa taifa ashike kamba? Wazee wanaikumbuka ile Ibara ya 15, ambayo hutaipata katika katiba ya leo lakini kila mtu anaijua: jitafutie mwenyewe. Mshahara ulikuwa unashuka kutoka Kinshasa, unapita kwa mkubwa, kwa mdogo wake, kwa mdogo wa mdogo, na kila mmoja anakata kipande. Unapofika kwa askari wa mwisho umebaki mabaki. Baada ya mwaka 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Umoja wa Ulaya, njia ya mishahara ilianza kutengwa na njia ya amri, ili kamanda anayetoa amri asiwe yeye anayegawa pesa. Baadaye wengi wakaanza kulipwa kwa benki. Ilikuwa kazi nzuri, naisema bila kusita. Lakini benki iko mjini na mstari wa mbele uko porini, na mke wa askari anapika leo.

Mwaka huu, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, serikali ilitangaza kuongeza mishahara ya askari na polisi. Nakubaliana na hatua hiyo kabisa. Naisikitikia saa yake. Kumwongezea mtu mshahara baada ya mji kupotea ni kama kununua ndoo wakati mvua imekwisha. Na bado kuna swali ambalo mshahara peke yake haulijibu: yule aliyezoea kupeleka sehemu ya pesa za bariere kwa mkubwa wake kila jioni, huyo mkubwa atakubali kuzikosa?

(Muziki mfupi)

Tarehe 27 Januari waasi wa M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari wakawa Bukavu. Wewe uliyekuwa kambini Bulengo ama Lushagala unajua yaliyofuata: mahema yaling'olewa ndani ya siku chache, na maelfu kwa maelfu wakaambiwa warudi makwao, hata wale ambao kwao kulikuwa bado kunawaka moto.

Kuna kitu kimoja kilichofungwa siku hizo ambacho hakikutoa mlio wa bomu. Benki. Kinshasa ilisema haiwezi kuacha pesa za nchi mikononi mwa waasi, na benki za Goma zikafunga milango, kisha za Bukavu. Naielewa sababu hiyo. Lakini sogea karibu uone inavyofanya kazi kwa mwalimu. Mshahara wake unaingia kwenye hesabu yake kama kawaida. Upo, anaweza kuusoma kwenye simu. Kuushika hawezi. Anatafuta wakala wa pesa za simu, na wakala, kwa sababu noti ni chache, anakata sehemu yake kubwa kuliko zamani. Ama anavuka mpaka kwenda Gisenyi kuzitafuta huko, akiwa na karatasi za kuvukia na nauli. Noti zenyewe zimechakaa hadi muuza mboga anazigeuzageuza na kuzikataa, maana hakuna mpya zinazoletwa. Hapo hakuna kijana wala kiti cha plastiki, lakini mwalimu amelipa ili apite.

Waasi nao wana yao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba huko Rubaya, kwenye machimbo ya koltani, M23 walikuwa wakikusanya dola zisizopungua 800,000 kila mwezi kwa kutoza madini tu. Wenyewe wanasema hiyo ni kodi ya utawala, wanatengeneza barabara, wanalinda watu. Haya, tukubali kwa dakika moja kwamba ni kodi. Basi kodi ina desturi zake: inatangazwa, ina risiti, na aliyeilipa ana haki ya kuuliza imefanya nini. Mchimbaji wa Rubaya anayeingia shimoni bila kofia, ambaye kila msimu wa mvua mlima unaweza kumwangukia, anaweza kuuliza? Wazalendo wanaosema wanapigania taifa, kwenye kamba zao yupo mtu wa kutoa risiti? Nawauliza wote swali moja, na sioni haja ya kulipunguzia makali upande wowote.

Kwa haki, nitaje bariere moja ambayo watu hawaichukii. Umeiona. Vijana wa kijiji wamefukia shimo barabarani kwa mawe na udongo, wameweka kijiti, wanaomba faranga kidogo. Dereva wa pikipiki anatoa. Mwenye chukudu, jasho linamtoka, anarusha noti na utani juu yake. Kwa nini wanatoa bila kunung'unika? Kwa sababu koleo liko pale pale, limesimama kwenye udongo mbichi. Nimeliwaza sana koleo hilo mwaka huu. Nafikiri watu wetu hawakatai kulipa. Wanataka waone koleo.

Sasa twende kidogo mbali na Kivu, tuone serikali inapoamua kuhesabu kwa kweli. Tarehe 22 Februari, wakati sisi tunazika watu wetu, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini ya betri za simu na magari ya umeme, na bei yake ilikuwa imeanguka kwa sababu ilikuwa inamwagwa sokoni bila kiasi. Tarehe 16 Oktoba mlango ukafunguliwa tena, safari hii kwa viwango: kila kampuni inapewa tani zake, haizidishi. Bei ya dunia ilipanda zaidi ya mara mbili. Unaweza kuibishia hatua hiyo, na wafanyakazi wa migodi walikuwa na hofu zao, lakini mimi naona ni sera yenye akili. Inaonyesha kwamba serikali yetu, ikitaka, inajua tani ngapi zinapita mpakani na za nani. Ndiyo sababu gunia la maharagi linaniuma. Kobalti ina anayeihesabu hadi tani ya mwisho. Gunia la mama wa Masisi linahesabiwa na yule anayetaka kulila tu.

Faranga nayo ilipata nguvu. Kwa bei ya Benki Kuu, mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa zaidi ya faranga 2,800. Kufika mwisho wa mwaka ilikuwa chini ya 2,500. Mawaziri walifurahi, na kwa mwenye kulipwa kwa faranga ni jambo la kufurahia kweli. Lakini wengi wenu mnaonisikiliza mnaishi kwa dola 50 ama 100 anazotuma ndugu aliye mbali. Dola ile ile imewaletea faranga chache, na dukani bei haikushuka kwa mwendo ule ule. Muuzaji anasema shehena yake ya zamani aliinunua ghali. Anasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba bariere haikupunguza chochote kwa sababu ya Benki Kuu.

(Muziki mfupi)

Fungu la tatu ni la heshima katika siasa. Hapa nitachukua habari moja tu, kwa sababu inatosha.

Vijana mnaosikiliza pengine hamkuwa mmezaliwa Juni 2000, wakati majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana wao kwa wao kwa siku sita ndani ya Kisangani, mji wa Kongo. Raia walikufa kwa mamia, nyumba zikabomolewa. Kongo ilikuwa imepeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye kwa vita vyote vya miaka ile, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamua Uganda ilipe dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila moja. Zikaanza kulipwa. Ukaundwa mfuko wa kuwafikishia wahanga.

Mwaka huu tukasikia dola milioni 19 kutoka pesa hizo zimehamishiwa kampuni moja kwa ajili ya kujenga gereza Kisangani. Tarehe 2 Septemba Mahakama ya Kasasioni ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa. Yeye alikana, akasema ni njama za kisiasa, na wapo wanaomwamini. Redio si mahakama, sitaongeza hukumu juu ya hukumu. Ninachouliza ni kitu ambacho hata wafuasi wake na maadui wake wanaweza kukijibu pamoja. Mjane wa Kisangani aliyengoja tangu mwaka 2000, miaka 25, pesa zake zilitembea kutoka Kampala hadi Kinshasa salama. Zilipofika nyumbani ndipo zikakuta kamba. Gereza, hata likiwa zuri namna gani, lilikuwa jambo la mjane huyo? Nani alimwuliza?

Naiita bariere kwa makusudi. Tofauti ya afisa anayekata pesa za wahanga na kijana anayekata gunia ni ukubwa wa kiti na aina ya kalamu. Kijana akimtazama mkubwa huyo, anajifunza. Mara nyingi tunamwona yule kijana kama mnyama wa porini. Ni mtoto wetu. Alikuwa shule ya msingi juzi. Jioni anatuma faranga nyumbani, na mama yake anazipokea bila kuuliza zimetoka wapi, kwa sababu kuuliza kunaleta njaa. Simpi udhuru. Ila nasema, ukitaka kumvua kamba, usianze naye peke yake.

Na misaada? Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Kongo ilikuwa inaitegemea kwa sehemu kubwa ya chakula, dawa na maji ya kambini. Kufika mwisho wa mwaka, wanaopima njaa wanahesabu zaidi ya Wakongo milioni 24 wenye njaa kali. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu Januari. Tarehe 30 Oktoba, kwenye mkutano wa Paris, ilitangazwa utafunguliwa kwa ndege za misaada, na tunaingia mwaka mpya hazijatua. Kwa hiyo hata kilichobaki kinakuja kwa lori. Lori linapita wapi, unajua.

Karatasi za amani tumezipata kwa wingi. Tarehe 27 Juni mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi Washington. Tarehe 19 Julai serikali na waasi walitia sahihi Doha, na tena tarehe 15 Novemba. Tarehe 4 Desemba marais Tshisekedi na Kagame walikuwa Washington wenyewe. Tarehe 10 Desemba M23 waliingia Uvira. Siku sita tu katikati. Zaidi ya watu 80,000 walivuka kwenda Burundi ndani ya siku chache, wengine wao wakiwa wamekwisha kukimbia mara moja mwezi Februari. Nikikuambia kwamba nazidharau karatasi hizo nitakuwa nadanganya. Zile za Doha zina itifaki nane, na mojawapo ni ya kufikisha misaada kwa watu. Naomba ishikwe. Lakini nina kipimo changu, kidogo sana, hakihitaji kiti cha mkutano: je, gunia linapita?

Likipita bila kulipa mara sita, nitajua askari anakula mshahara wake, mkubwa wake hangoji bahasha ya jioni, na mkulima ana sababu ya kulima ekari ya pili. Likiendelea kulipa, basi walioshika kamba hawana haraka na amani, hata walio upande wa wenye kutia sahihi.

Ndugu zangu, neno la tahadhari kabla hatujaachana. Usiende kubishana na mwenye silaha kwa sababu umesikia maongezi haya. Usiandike chochote mbele ya bariere, usipige picha, usitoe simu mfukoni. Gunia linaweza kununuliwa tena, wewe hapana. Kinachoweza kufanyika kinafanyika nyumbani, mkiwa pamoja. Wamama wauzaji wanaosafirisha mzigo kwa kikundi, katika lori moja, husumbuliwa kuliko mmoja mmoja? Ama kidogo? Majibu yenu ya barua za miezi iliyopita yanapingana, na ningependa tuelewe kwa nini. Palipo na ofisi ya kiraia inayotoza, ombeni risiti kwa upole, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Ikitolewa, itunzeni.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo ya kuzungumza baada ya kusoma. Kwenye barabara yenu, kuna malipo ambayo watu wanalipa kwa moyo, na kwa nini hayo? Katika kijiji chenu, pesa za kikundi, za kanisa, za msikiti ama za likelemba, nani anazihesabu mbele ya wenyewe, na lini mara ya mwisho? Na nyinyi mliovuka mpaka: safari yenu ya kukimbia iligharimu kiasi gani mikononi mwa watu, mbali na nauli?

Tuandikieni bariere ngapi, kwa mzigo gani na kwa kiasi gani. Msiandike majina ya walio kwenye kamba, wala majina yenu, wala ya dereva. Mpeni karatasi yule anayegawa maandishi haya, ataifikisha. Maongezi ya kwanza ya Januari tutayajenga juu ya hesabu zenu.

(Muziki wa kufunga)